Kwaki nzito kwenye latisi ya matundu makubwa

SWALI: Wataalamu, nakokotoa kasi ya kuoza kwa mesoni B (chembe yenye kwaki nzito b) kwenye latisi, yaani gridi ya nukta za anga na wakati, yenye nafasi ya femtomita 0.09 kati ya nukta. Nikibadili nafasi, jibu nalo linahama. Nimekosea wapi?
Mwanafunzi, Tengeru, Arusha

JIBU: Zidisha kwanza tungamo la kwaki kwa nafasi ya latisi. Femtomita 0.09 ukiigeuza (1 juu yake) ni kama GeV 2.2, kipimo cha nishati na tungamo; kwaki b ina GeV 4.2 hivi, kwa hiyo 4.2 kwa 2.2 unapata karibu 1.9. Ikizidi 1, matundu ya latisi ni makubwa mno kwa kwaki hiyo: ni kuchekecha ulezi kwa chekeche la mahindi. Kwaki c, nyepesi kuliko b, inatoa kama 0.6 tu, ndiyo maana mesoni D, yenye kwaki c, haikusumbui sana.

Shuka hadi 0.045, kokotoa kwa kwaki kadhaa nyepesi kuliko b, kisha nyoosha mstari hadi b. Jiandae: boksi likibaki lilelile, nukta huongezeka mara 16, na gharama hupita hapo.

Halafu usisome tungamo la mesoni mapema. Chora logi ya C(t)/C(t+1), ambapo C(t) ni korilesheni, yaani ishara ya mesoni baada ya hatua t za wakati. Mwanzoni mstari unateremka kwa sababu hali za msisimko (zenye nishati ya juu zaidi) bado zimo. Ngoja ulale bapa, ila ukichelewa kelele humeza ishara. Makosa yakadirie kwa kuacha nje fungu zima la konfigurasheni (sampuli za uga ulizozalisha kwenye latisi), si moja moja: zinazofuatana hufanana, na utajidanganya kwamba kosa ni dogo.