Ile biskuti ya jamu yenye matundu matatu

Mdogo wangu anaishi München, Ujerumani. Desemba iliyopita alinipigia simu akitaka jina la kitu alichokula kazini. "Dada, kilikuwa kitamu, kina jamu ndani." Basi, hayo ndiyo maelezo yote! Kwa Wajerumani na Waaustria, vitu vyenye jamu ndani havihesabiki. Miaka niliyoishi Linz, mji wa Austria, imenizoesha kuuliza mambo matatu kwanza: kilikaangwa au kiliokwa? Ukikiuma kinavutika au kinamomonyoka? Na jamu ilikuwa ya rangi gani?

Kikiwa kimekaangwa, laini kama andazi la hamira, na kina mstari mweupe kiunoni, hicho ni Krapfen. Mstari huo hutokea kwa sababu donge lililoumuka vizuri huelea, kwa hiyo sehemu ya katikati haiguswi sana na mafuta. Austria hujazwa jamu ya aprikoti na huliwa hasa siku za Fasching, sherehe za kabla ya Kwaresima. Sehemu nyingi za Ujerumani wanakiita Berliner, lakini ukifika Berlin kwenyewe ulizia Pfannkuchen, neno ambalo kwa Wajerumani wengine ni kitu kama chapati za maji.

Vikiwa vimkate vya hamira vilivyookwa vikiwa vimebanana kwenye trei, na ndani mna jamu nyeusi nzito, hizo ni Buchteln. Jamu yake ni Powidl, plamu zilizochemshwa saa nyingi mpaka zikawa nzito, na kijadi haitiwi sukari.

Ya mdogo wangu ilikuwa inamomonyoka, jamu nyekundu yenye uchachu, na juu ina matundu matatu. Hapo sikuwa na shaka: Linzer Augen, yaani macho ya Linz. Ujerumani wengi huziita Spitzbuben, watoto watundu, na kule Baden, kusini-magharibi mwa nchi hiyo, utasikia Hildabrötchen, kwa heshima ya Hilda aliyekuwa mke wa mtawala wao. Ni ndugu wa Linzer Torte, keki ya mdalasini na karafuu ambayo maelekezo yake yamo katika mswada wa 1653 uliohifadhiwa kwenye abasia (nyumba ya watawa) ya Admont, Austria.

Sasa tuoke. Shika hesabu ya moja, mbili, tatu: sukari ya unga gramu 100, siagi 200, unga wa ngano 300. Mimi hupunguza unga hadi 250 na kuongeza lozi zilizosagwa gramu 80, kiini cha yai moja, vanila, na ganda la limau lililokwaruzwa. Siagi iwe baridi. Ifikiche na unga kwa ncha za vidole, kusanya donge upesi, kisha acha. Ukilikanda kama la chapati, biskuti zitakuwa ngumu.

Funga donge, liweke kwenye friji saa nzima. Naomba usiruke hatua hii. Nilipooka mara ya kwanza nyumbani Tanga, kwenye joto la Januari, niliona dakika ishirini zinatosha. Siagi ikayeyuka kabla ya unga kushika, na trei nzima ikawa biskuti moja. Siku hizi nasukuma nusu ya donge, nusu nyingine inabaki kwenye baridi, na trei yenyewe narudisha kwenye friji dakika kumi kabla ya kuoka.

Sukuma unene wa milimita 3. Kata miduara kwa mdomo wa glasi ndogo, nusu yake itoboe matundu kwa mrija mnene. Oka nyuzi 180 kwa dakika 8 hadi 10. Zitoe zikiwa bado nyeupe, pembeni tu zimeanza kubadilika. Zitakaza zenyewe zikipoa.

Jamu ya asili ni ya Ribisel, vitunda vyekundu vidogo vichachu. Ukivikosa, tumia rasiberi, ila tamu tupu kama ya stroberi sikushauri, uchachu ndio unaosawazisha siagi. Ichemshe kidogo, ichuje mbegu, uipake ikiwa ya moto kwenye biskuti zisizo na matundu; zenye matundu ndizo vifuniko. Jamu baridi haishiki, vifuniko vitateleza.

Vifuniko vinyunyizie sukari ya unga kabla ya kuviweka juu, ndipo macho yabaki yaking'aa. Zipange kwenye kopo la bati, karatasi kati ya tabaka na tabaka, na uzifiche siku mbili. Siku ya kwanza bado ni kavu; ya tatu, jamu imeshaingia ndani.