Kila nikipima presha napata namba tofauti, niamini ipi?

Swali: Daktari shikamoo. Nina miaka 43, nimenunua mashine ya kupimia presha nyumbani, jana nikapima mara tatu ndani ya dakika kumi ikanipa 158/96, 149/92, halafu 143/88. Kichwa siumwi wala nini. Mashine mbovu au ndo mgonjwa?

Jibu: Marahaba. Mashine inawezekana kabisa ni nzima, presha yenyewe ndo haitulii, ukiongea inapanda, ukibanwa na mkojo inapanda, ukitoka kupanda ngazi ndo usiseme, kwahiyo kipimo cha kwanza mara nyingi kinakuwa juu kuliko vinavyofuata. Kuna mama nilimpima kaingia anahema, mkanda wa mashine kafungiwa juu ya sweta, namba ya juu (ile inayotajwa kwanza) ikasoma 168. Nikamwambia nenda chooni kwanza, akarudi akakaa dakika tano kimya, mgongo kaegemeza, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, nikafunga mkanda kwenye ngozi, ikaja 144. Mtu yule yule! (Na mkanda mdogo kwenye mkono mnene nao unaipandisha namba, angalia hilo.)

Sasa fanya hivi, kwa siku 7 pima asubuhi kabla hujanywa chai, kahawa au dawa, na jioni tena, kila ukikaa pima mara mbili ukiachanisha dakika moja, na uandike zote hata zile zisizokupendeza. Za siku ya kwanza zitupe, zilizobaki tafuta wastani. Kwa nyumbani wastani ukifika 135/85 hiyo tayari ni presha ya kupanda, hospitali wengi tunaanzia 140/90, na inatosha moja tu kati ya ya juu na ya chini kuvuka. Kwa hizo zako tatu naona kabisa kuna kitu, kwahiyo hilo daftari mpelekee daktari, usilifungie kwenye droo.

Na hilo la kichwa kutouma lisikutulize jamani. Wengi hawasikii chochote mpaka siku mshipa wa ubongo unapasuka au figo zimeshachoka, ndo maana naumia sana nikisikia mtu kaacha vidonge eti anajisikia poa.

Ila ukiona 180/120 na kuendelea halafu kifua kinabana, pumzi inakata, upande mmoja umelegea, ulimi mzito au macho yana ukungu, hapo achana na habari za siku 7, wahi emajensi saa hiyo hiyo.