Je, kaboni ya nchi kavu huzikwa katika mahandaki ya bahari?

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu kutoka Jinja. Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya sekondari. Mwanafunzi wangu ameniuliza kama udongo na mabaki ya mimea yanayosombwa na Mto Nile huishia katika mahandaki ya kina kirefu baharini, na kama kaboni iliyomo huzikwa huko moja kwa moja. Naomba mtufafanulie.

JIBU: Mwalimu, tumpongeze kwanza mwanafunzi wako, kwa kuwa swali lake ni zito. Kuhusu Nile, jibu ni hapana. Nile Nyeupe hutua sehemu kubwa ya mzigo wake katika Ziwa Kyoga, Ziwa Albert na vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini. Mashapo mengi yaliyokuwa yakifika Misri yalitoka nyanda za juu za Ethiopia kwa njia ya Nile ya Buluu, na tangu Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, karibu yote hunaswa humo kabla ya kuifikia Bahari ya Mediterania.

Mahandaki yenyewe ni mabonde marefu na membamba yaliyopo pale ambapo bamba moja la gandunia (tabaka gumu la nje la dunia) huzama chini ya jingine. Mengi yamo katika Bahari ya Pasifiki. Handaki la Mariana lina kina cha mita 10,900 hivi, zaidi ya mara mbili ya kimo cha kilele cha Margherita katika milima yetu ya Rwenzori. Hata hivyo, sakafu yote ya bahari yenye kina cha zaidi ya mita 6,000 ni sehemu ndogo sana ya bahari za dunia, na kwa sababu hiyo wengi walidhani kwamba haina uzito wowote katika hesabu ya kaboni.

Dhana hiyo ilitikiswa mwaka 2013, pale mwanasayansi Ronnie Glud na wenzake walipochapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba bakteria wa chini kabisa ya Handaki la Mariana hutumia oksijeni karibu mara mbili ya wale wa sakafu jirani yenye kina cha mita 6,000. Penye ulaji mwingi pana chakula kingi. Chakula hicho kwa sehemu ni mabaki ya planktoni (viumbe vidogo vinavyoelea majini) yanayodondoka kutoka juu, lakini sehemu nyingine huporomoka kutoka kwenye miteremko ya handaki, ambayo hukusanya matope kutoka eneo pana na kuyaelekeza chini. Handaki lililo karibu na visiwa vyenye mvua nyingi na mito mikali, kama lile la New Britain karibu na Papua Guinea Mpya, hupokea pia majani, miti na udongo wa nchi kavu.

Watafiti hutambuaje asili ya kaboni katika tope moja jeusi? Hupima uwiano wa kaboni na nitrojeni, ambao kwa planktoni hukaribia 7 na kwa mimea ya nchi kavu mara nyingi huzidi 20, na hupima pia kaboni 13, yaani isotopi au aina ya kaboni iliyo nzito kidogo kuliko ile ya kawaida. Hapa pana mtego ambao sisi wa Uganda tunapaswa kuufahamu vizuri. Mafunjo ya kando ya maziwa yetu, sawa na mahindi, yana kaboni 13 nyingi kuliko miti ya msituni. Mabaki ya makundi haya mawili yakichanganyika, kipimo huweza kufanana na cha planktoni, ambacho huwa kati ya vya makundi hayo. Ndiyo maana hutafutwa pia lignini, kiungo cha mimea ya nchi kavu ambacho planktoni haina.

Kuhusu kuzikwa, jambo la kuamua ni kasi. Mabaki yanayotua polepole huliwa na bakteria, na kaboni yake hurudi majini. Tetemeko la ardhi hubadili hali hiyo. Baada ya tetemeko la Japani la tarehe 11 Machi 2011, miteremko ya Handaki la Japani iliporomosha matope mengi mno, na miezi michache tu baadaye sesiamu yenye mnururisho iliyovuja kutoka kinu cha nyuklia cha Fukushima ilipatikana katika matope ya kina cha zaidi ya mita 7,000. Tabaka la aina hiyo hufunika kwa muda mfupi kaboni iliyokuwa juu, na oksijeni haiifikii tena kirahisi. Mwaka 2021 meli ya utafiti ilichimba humo mihimili ya mashapo yenye urefu wa makumi ya mita, ambayo ndani yake huonekana matabaka ya matetemeko ya kale, moja juu ya jingine.

Lakini "moja kwa moja" lisichukuliwe kuwa milele. Bakteria wasiohitaji oksijeni huendelea kuila kaboni hata ikiwa imefukiwa. Inayobaki hubebwa na bamba linalozama: sehemu hukwanguliwa na kubaki ukingoni mwa bamba la juu, sehemu hushuka hadi kwenye joto kali la ndani ya dunia, na baadhi yake, baada ya mamilioni ya miaka, hurudi angani ikiwa hewa ya ukaa kupitia midomo ya volkeno.