Toriyama aliwezaje kutoa sura kila wiki? Jibu kwa anayetaka kuchora manga

Mkuu, umeuliza Akira Toriyama alimuduje manga (katuni za Kijapani) ya Dragon Ball, sura moja ya hadithi kila wiki, kuanzia 1984 hadi 1995, tena kwa kawaida akiwa na msaidizi mmoja tu, na kama kijana wa huku anaweza kuingia kwenye kazi hiyo. Kwa kifupi, jamaa alikuwa bahili wa wino.

Aliacha kazi ya kusanifu matangazo huko Nagoya, akatuma michoro kwenye shindano la Weekly Shonen Jump, jarida la manga. Hakushinda, ila mhariri Kazuhiko Torishima akamng'ang'ania. Hadithi yake ya kwanza, 1978, ilishika mkia kwenye kura za wasomaji. Kurasa kama 500 zikakataliwa kabla manga yake ya Dr. Slump haijaanza 1980.

Mhariri wa manga hasahihishi tahajia tu. Mchoraji humpelekea kwanza rasimu ya haraka ya sura nzima: fremu (visanduku vya picha), vichwa vya duara, maneno yote. Hapo ndipo hadithi inapokatwakatwa, maana penseli inafutika. Ikipita ndipo unachora penseli safi, unapiga wino, unajaza nyeusi na kubandika toni (karatasi za vitone vya kutoa kivuli). Wageni wengi hurukia wino, halafu wakiambiwa wabadilishe ukurasa wa 4, kazi ya siku tatu inaingia kapuni.

Karatasi ni B4, kubwa kuliko A4, na mpaka wa ndani wa kuchorea ni sm 18 kwa 27. Jaridani mchoro unapunguzwa hadi kama asilimia 82 ya urefu na upana wake, ukae kwenye ukurasa wa B5. Mistari myembamba sana inapotea, na vitone vya toni ndogo vinashikana vinakuwa doa. Maneno yasivuke mpaka huo wa ndani, la sivyo yatamezwa na mshono wa jarida au kukatwa pembeni.

Nibu ya G (ncha ya chuma ya kalamu ya kuchovya wino) ndiyo ya mistari ya wahusika: ukikandamiza mstari unanenepa, ukilegeza unakonda. Nibu mpya ina mafuta ya kiwandani, ndiyo maana wino unajikusanya matone na kudondoka ghafla. Ifute kwa tishu yenye spiriti kidogo. Wengine huipitisha kwenye moto wa kiberiti, ila ukizidisha chuma kinalegea. Vuta mstari kuja kwako, na geuza karatasi badala ya kukunja kiganja.

Sasa ubahili wenyewe. Nywele za Goku, shujaa wa Dragon Ball, ni nyeusi, na kila fremu lazima mtu azijaze wino. Alipogeuka Super Saiyan, umbo lake lenye nguvu zaidi, zikawa za dhahabu, na kwenye uchapaji wa nyeusi na nyeupe dhahabu ni karatasi tupu. Toriyama mwenyewe alisema lengo mojawapo lilikuwa kumpunguzia msaidizi kazi. Mapigano nayo aliyapeleka nyikani kwenye miamba, au mji ukalipuliwa mapema, asiendelee kuchora madirisha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ufundi wake ulipo kuliko hata kwenye misuli. Uvivu uliopangwa vizuri ukageuka mtindo, na mapigano yake yanasomeka bila kubabaika kwa sababu nyuma hakuna takataka.

Pesa: kuna malipo ya kila ukurasa, halafu mrabaha wa vitabu, kwa kawaida kama asilimia 10 ya bei. Mishahara ya wasaidizi inatoka mfukoni mwa mchoraji, kwa hiyo malipo ya kurasa pekee huweza kuisha yote hapo. Na kura za wasomaji zikiwa mbovu, hadithi inaweza kufungwa ndani ya miezi michache tu.

Kwa aliye huku, MANGA Plus Creators, tovuti ya Shueisha, mchapishaji wa Jump, ilianza kupokea kazi za Kiingereza na Kihispania 2022. Silent Manga Audition ni shindano la hadithi zisizo na maneno, hapo lugha haikuzuii. Peleka hadithi fupi iliyokamilika, usipeleke sura ya kwanza ya hadithi ya vitabu 30. Ukichora kwa kompyuta weka dpi 600 (vitone 600 kwa inchi), nyeusi na nyeupe tupu bila kijivu, na usibadilishe ukubwa baada ya kuweka toni, maana zitatoa mawimbi ya ajabu. Panga usomaji wa kulia kwenda kushoto, kama manga inavyosomwa Japani, tangu kwenye rasimu. Ukigeuza kurasa mwishoni, wahusika wote watakuwa wa mashoto na maandishi ya ukutani yatasomeka kinyume.