Kabla Hujanunua AC Mpya, Pimisha Kapasita

Dada mmoja wa Tudor, hapa Mombasa, ameniandikia: AC ya chumbani inapuliza hewa vuguvugu, fundi kaitazama mara moja akasema kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, imekufa, anunue AC nyengine. Dada yangu, ngoja kwanza. Maneno hayo nami nilishaambiwa, na mpaka leo yananikera.

Ilikuwa Februari, joto la kaskazi limeshika kwelikweli. Feni ya ndani inazunguka, baridi hakuna. Fundi aliyetumwa na duka akanitajia bei ya AC mpya kabla hajafungua hata skrubu moja. Nikampa nauli yake, akaenda zake. Nikatoka nje kuisikiliza mashine: inanguruma kidogo, inazima, inanguruma tena, inazima. Kompresa inataka kuwaka, haipati msukumo. Nikamwita mzee mmoja wa Majengo, fundi wa friji. Yeye alikuja na mita ya kupimia vifaa vya umeme. Kapasita, kile kikopo kinachoipa kompresa msukumo wa umeme, imeandikwa mikrofaradi 35 (ndicho kipimo cha nguvu yake), mita inasoma 11 tu, na kichwa chake kimevimba kama andazi. Akaitoa, akatia mpya, baridi ikarudi. Bei yake mbele ya bei ya AC mpya ni ya kucheka. AC ni hiyo hiyo inayonilaza hadi leo, na niacheni nijisifu.

Lakini usiiguse mwenyewe! Kapasita huhifadhi umeme hata ukishazima swichi kubwa.

Yako wewe ni haya: tazama rimoti isiwe imewekwa kwenye feni tupu. Vua filta uioshe. Bomba likiganda barafu, zima, iyayuke, kwani mara nyingi ama filta imeziba ama gesi imepungua. Maji yakidondoka ukutani, mara nyingi ni mpira wa kutolea maji umeziba.

Na hii gesi, jamani. Gesi ya AC haiishi kama petroli ya gari; inazunguka humo humo. Ikipungua, pana mahali panavuja. Fundi anayekujazia kila mwaka bila kutafuta tundu anakufanya shamba lake, nawe unamkaribisha na chai! Watu wa Mombasa tuna haya ya kuuliza. Fundi akishika bisibisi sisi tunanyamaza, kisha tunalalamika barazani. Uliza. Simama hapo hapo umtazame.

Sisemi kila AC itapona. Upepo wa bahari una chumvi, na mapezi ya mashine ya nje, vile vibati vyembamba, yakishaliwa hayarudi, ndiyo maana yangu naiosha kwa maji ya bomba, umeme ukiwa umezimwa. Na kama yako ni ya R22, gesi ya AC za zamani, nayo inavuja, hapo nunua tu: chini ya Mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka la ozoni, nchi kama Kenya zinatakiwa kuiacha gesi hiyo ifikapo 2030.

Kwa hivyo, dada wa Tudor, tafuta fundi mwengine mwenye mita. Akuoneshe namba ya kapasita na namba inayosomwa. Akisema bado ni kompresa, apime nyaya zake mbele yako, na kifaa chochote akikibadilisha, kile cha zamani akuachie.