Kabla hujakodi fremu mjini kati Grand Rapids

Siku hizi simu yangu haikauki. Leo anapiga mama wa Kikongo anayeshona vitenge, kesho kijana wa Burundi mwenye ndoto ya mgahawa, keshokutwa Mtanzania mwenzangu aliyechoka kiwanda na sasa anataka kuwa bosi wake mwenyewe. Swali ni moja: "Dada, mji unajengwa kweli kweli. Nikachukue fremu kule mjini kati kabla hazijaisha?" Nimejibu kwa simu hadi sauti imekauka, sasa naandika. Mimi napikia sherehe na maofisi hapa Grand Rapids, Michigan, na mikataba ya kupanga nimeshaisoma, ya kwangu na ya wenzangu, mpaka nimeizoea.

Kwamba mji unajengwa, hilo halina ubishi. Kando ya mto kuna ukumbi wa wazi wa muziki wa watu 12,000, ambao ujenzi wake ulianza 2024. Uwanja wa mpira wa miguu wa viti 8,500 umeanza kujengwa 2025. Agosti 2024 wapiga kura wa Kaunti ya Kent, ambamo Grand Rapids imo, walikubali kodi ya vyumba vya hoteli ipande kutoka asilimia 5 hadi 8, ili miradi ya namna hiyo ipate fedha. Kwa mji ambao sensa ya 2020 ilihesabu watu karibu 199,000 tu, hayo si mambo madogo.

Ila mji huu umewahi kufa katikati, na ni vizuri ujue ulikufaje. Mwaka 1968 lilifunguliwa jengo la maduka la Woodland kule Kentwood, mji mdogo jirani, lenye maegesho ya bure na joto wakati wa baridi. Wateja wakahamia huko, na maduka makubwa ya mjini yakazima moja baada ya jingine. Wakati huohuo serikali ya mji ilikuwa inabomoa mitaa ya zamani ili ijenge upya. Jengo la kale la City Hall lilivunjwa 1969, na mama mmoja alijifunga mnyororo kwenye tufe la chuma la kubomolea akipinga. Lilivunjwa tu. Mji ulianza kurudiwa na watu usiku baada ya Van Andel Arena, ukumbi mkubwa wa michezo na matamasha, kufunguliwa 1996, na ndipo baa na migahawa ikafuata. Sasa angalia kinachonichekesha: Kentwood ile iliyowachukua wateja wa mjini ndiko tunakoishi sisi wengi, ndiko kwenye misikiti na makanisa yetu, ndiko unakopata sombe, ndagala na unga wa muhogo. Na sisi tunataka kutoka huko kwenda kuuza mjini!

Basi swali la kwanza ni nani atanunua. Mteja wako wa Kentwood hatakufuata mjini. Ana gari lililojaa watoto, maegesho ya mjini ni ya kulipia, na anachotaka ni kununua kilo kadhaa za dagaa arudi nyumbani. Basi la Silver Line linapita Division Avenue tangu 2014 na ni zuri, lakini jaribu kupanda nalo na gunia la unga. Kwa hiyo ukihamia mjini unaanza upya na mteja mwingine: mfanyakazi wa ofisi, mgeni wa hoteli, mtu aliyekuja kwenye tamasha. Huyo sambusa ataipenda, ila lazima apite mlangoni pako kwanza.

Na hapa ndipo watu wanadanganyika. Wakala wa majengo atakupeleka kuona fremu Ijumaa jioni, kuna mchezo wa magongo ya barafu pale Arena, barabara imejaa, migahawa ina foleni. Moyo unakwenda mbio. Wewe rudi Jumanne ya Februari saa saba mchana, theluji imekauka imekuwa jiwe, simama ng'ambo ya barabara na uhesabu wanaopita. Hesabu wanaopita kwa miguu, magari usiyaingize. Kisha rudi Jumatatu. Tangu 2020 maofisi mengi yanawaruhusu watu wafanye kazi nyumbani siku kadhaa za wiki, na Jumatatu na Ijumaa mchana kuna mitaa utadhani ni sikukuu. Usiku wa tamasha nao una ratiba yake: watu wanakula kabla ya kuanza, kwa haraka, wote kwa wakati mmoja, halafu kimya. Kama jiko lako haliwezi kutoa sahani nyingi ndani ya saa moja na nusu, tamasha la watu 12,000 litakupita huku unaliona.

Ukishahesabu na bado unataka, tuje kwenye mkataba. Hapa nitakaa kidogo.

Kijana mmoja wa Uvira alikuja kwangu na karatasi zake, akaziweka mezani, akaniuliza: "Dada, hapa wanaandika dola 18 kwa futi. Ni kwa mwezi ao kwa mwaka?" Swali zuri kuliko yote, na wengi wanaona aibu kuliuliza. Huku Michigan pango la biashara kwa kawaida hutajwa kwa futi ya mraba kwa mwaka. Chukua mfano: fremu ya futi za mraba 1,200 kwa dola 18 ni dola 21,600 kwa mwaka, yaani 1,800 kwa mwezi. Yule kijana akafurahi, hiyo anaiweza. Nikamwambia fungua ukurasa unaofuata.

Ukurasa unaofuata ulikuwa na herufi tatu, NNN. Maana yake mpangaji analipa pango, halafu juu yake analipa sehemu yake ya kodi ya jengo, bima ya jengo na matengenezo ya sehemu za pamoja: kuzoa theluji, taa za nje, lifti kama ipo. Tuseme hayo ni dola 6 kwa futi. Tayari umeongeza dola 600 kwa mwezi, na ile 1,800 imekuwa 2,400. Hujawasha jiko, hujalipa gesi, hujaajiri mtu. Na ile 6 ni makadirio tu. Mwisho wa mwaka mwenye nyumba anapiga hesabu halisi na kukuletea tofauti.

Sasa sikiliza kitu ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachowaumiza wapangaji wadogo katika mji unaoinuka, na hakiandikwi kwa herufi kubwa popote. Tangu 1994 sheria ya Michigan inazuia thamani inayotozwa kodi isipande kila mwaka zaidi ya mfumuko wa bei au asilimia 5, kutegemea ipi ni ndogo. Nzuri sana. Lakini kinga hiyo inadumu mpaka jengo liuzwe. Likiuzwa, mwaka unaofuata kinga inaondoka na thamani inarudi kuwa nusu ya bei ya soko ya siku hizo. Fikiria mzee aliyenunua jengo lake miaka ya tisini wakati mtaa umelala. Kodi yake imekuwa ikipanda kidogo kidogo. Leo ukumbi wa muziki umejengwa jirani, mwekezaji anamletea bei asiyoweza kuikataa, anauza. Kodi ya jengo inaweza kuruka hata mara mbili. Nani analipa? Rudi kwenye zile herufi tatu. Ni wewe, uliyekaanga sambusa mpaka mtaa ukapendwa.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, muulize wakala jengo lilinunuliwa mwaka gani. Kumbukumbu za mthamini wa mji, yule anayekadiria thamani ya majengo kwa ajili ya kodi, ziko wazi, mtu yeyote anaweza kuziangalia kwenye intaneti: utaona thamani iliyokadiriwa na thamani inayotozwa kodi. Zikikaribiana, usiwe na hofu. Zikiachana sana, ujue kuna mshtuko unasubiri siku jengo litakapouzwa. Hapo omba kifungu kinachosema nyongeza ya kodi itakayotokana na kuuzwa kwa jengo haitabebwa na mpangaji katika kipindi cha kwanza cha mkataba. Wengine watakataa. Basi omba kikomo: gharama hizo zisipande zaidi ya asilimia fulani kwa mwaka. Mwenye jengo ambalo limekaa tupu muda mrefu ana sababu ya kukusikiliza. Usidhani wewe peke yako ndiye mwenye shida.

Vifungu vingine vitatu navitafuta kila mara. Cha kwanza ni haki ya kuongeza mkataba, na pango la kipindi kile cha pili liandikwe kabisa kwa tarakimu. Ukiona imeandikwa "kwa bei ya soko ya wakati huo", jua katika mji unaojengwa sentensi hiyo haikupi kitu. Cha pili ni kile kinachompa mwenye nyumba ruhusa ya kuvunja mkataba akitaka kubomoa au kujenga upya, kwa notisi ya miezi michache. Karibu na mto kifungu hicho si mapambo. Kama hakifutiki, basi alipe gharama ulizotia ndani. Cha tatu ni dhamana binafsi, yaani biashara ikifa wanakufuata wewe, gari lako na akiba yako. Jaribu kuifanya iishe baada ya mwaka mmoja au miwili ya kulipa vizuri. Na mtafute wakili wa mikataba ya majengo, hata kwa saa chache. Binamu aliyesoma sheria Bujumbura tunamheshimu, lakini sheria ya hapa ni ya hapa.

Ukiwa na mpango wa kupika, kuna jambo linalokula mtaji kuliko pango: mfumo wa kutolea moshi juu ya jiko, wenye vizima moto vyake, pamoja na mtego wa mafuta kwenye maji machafu. Fremu iliyokuwa duka la nguo haina hivyo, na kuviweka kwenye jengo la matofali la zamani ni pesa nyingi. Ghala zuri lenye madirisha makubwa linaweza kukutoa jasho kuliko mgahawa mchafu uliofungwa mwaka jana. Mimi ningechukua mgahawa mchafu. Omba pia miezi ya bure wakati unatengeneza na kusubiri wakaguzi, maana ukaguzi hauna haraka na wewe.

Lakini kwa nini uanze na fremu? Downtown Market, lile soko lililofunguliwa 2013 kusini mwa mjini kati, lina jiko la kukodi kwa saa, lenye vifaa vyote. Wauza vyakula wengi wadogo wameanzia kwenye majiko ya namna hiyo, na mimi ni mmoja wao. Sambusa ya nyama huwezi kuipika nyumbani ukaiuza kihalali. Sheria ya Michigan ya vyakula vya nyumbani hairuhusu nyama. Kwa hiyo jiko lenye leseni utalihitaji tu, na bora ulilipie saa tano kuliko miaka mitano. Pikia maofisi, pikia harusi, weka meza kwenye ArtPrize, yale mashindano ya sanaa ya hapa mjini, watu wanapojaa mitaani, uone ni kitu gani wageni wanarudia. Wenzangu wa vitenge nanyi pia: meza ya soko kwanza.

Kodi ndogo ndogo nazo zisikushtue. Grand Rapids inatoza kodi ya mapato ya mji: mkazi wake asilimia 1.5, na anayeishi nje ila anapata kipato ndani ya mji asilimia 0.75. Kentwood haina kodi hiyo, kwa hiyo wengi mtaiona kwa mara ya kwanza siku mtakapofungua mjini, na wafanyakazi wenu pia mtawakata. Halafu kuna kodi ya vifaa vya biashara: majokofu, meza, majiko, cherehani. Kama thamani yake yote haifiki dola 180,000 unasamehewa, ila lazima uombe kwa Fomu 5076 kwa mthamini wa mji, isipite 20 Februari. Ukichelewa, njia iliyobaki ni kwenda mbele ya bodi ya mapitio, ile inayosikiliza malalamiko ya kodi, mwezi Machi na makaratasi yako.