Uchumi Ukiyumba, Mfasiri Ahesabu Anadai Nani

"Dada shikamoo. Mimi ni mfasiri wa kujitegemea, Kiingereza kwenda Kiswahili. Wakala wangu mkubwa kanyamaza tangu mwezi uliopita, na mwingine kaniletea bei mpya, ya chini. Wote wanasema ni hali ya uchumi. Nivumilie, au nitafute ajira?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilikujibu kwa ufupi siku ileile, ila jibu lenyewe ni refu, na kwa kuwa ujumbe wa namna hii umekuwa ukiniingia mara kwa mara nimeona bora niuandikie makala.

Nianze na ninachokiamini, asiye na muda aondoke nacho. Uchumi ukiyumba, kazi ya tafsiri haiishi, inahama. Kinachoumia ni malipo: yanachelewa, halafu yanashuka, na yakishashuka hayapandi yenyewe uchumi unapopona. Wafasiri wengi niliowaona wakiiacha kazi hii hawakuacha kwa kukosa maneno ya kutafsiri. Waliacha huku wakidai pesa nyingi ambazo hawakuzipata.

Lehman Brothers ilipoomba kufilisika, tarehe 15 Septemba 2008, mimi nilikuwa bado mchanga kwenye kazi na nikaona hayo ni mambo ya mabenki ya Marekani. Haikuchukua muda mrefu kazi za matangazo zikakatika: vipeperushi, katalogi, maelezo ya bidhaa. Hizo ndizo hutangulia siku zote, kwa sababu bajeti ya kujitangaza ndiyo meneja anayoweza kuikata leo na kesho kiwanda kikaendelea kufanya kazi. Mwaka 2009 uchumi wa dunia ukasinyaa, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Vita Kuu ya Pili.

Lakini sikukaa bure. Zikaanza kuja kazi za sura nyingine: masharti mapya ya mikopo, barua za kudai madeni, kanuni za utumishi zilizofanyiwa marekebisho. Faili moja silisahau. Ilikuwa barua ya kuwaachisha kazi wafanyakazi wa kampuni moja, ukurasa mmoja tu, ya kurudishwa siku hiyohiyo. Kwenye programu ya tafsiri zilionekana alama ndogo za rangi ambazo mfasiri haruhusiwi kuzigusa: moja mahali pa jina, moja mahali pa tarehe ya mwisho ya kazi, na moja katikati ya sentensi inayosema "tunakushukuru kwa utumishi wako wa miaka" kadhaa. Nilikaa nayo muda mrefu kuliko malipo yake yalivyostahili, nikijua mtu atakayeipokea ataisoma zaidi ya mara moja. Nimeileta hapa ili uone kazi zilikoelekea. Wakati wa neema wanakutafuta watu wa mauzo, na wakati wa shida wanakutafuta mwanasheria, mhasibu na idara ya rasilimali watu. Kama wanaokufahamu wote ni watu wa mauzo, utakaa kimya kirefu.

Sasa nije kwenye kidonda changu.

Wakala, yaani kampuni inayopokea kazi kwa wateja na kuzigawa kwa wafasiri, aliyekuwa akinipa kazi nyingi kuliko wote alikuwa akilipa baada ya siku 30. Zikawa 45, kisha 60, kisha nikawa napigwa kalenda tu. Yule dada wa uhasibu alikuwa na adabu mno: "ankara yako ipo kwenye mzunguko wa malipo unaofuata." Kila mzunguko ulikuwa na unaofuata. Mwisho nikapata barua ya mfilisi, na fomu ya kujaza madai yangu. Ndani yake kulikuwa na swali kama dai langu lina dhamana yoyote. Dhamana gani, jamani? Mimi nilikuwa na barua pepe na oda za kazi. Hapo ndipo nilipojifunza jinsi foleni ya ufilisi inavyopangwa: benki zilizokopesha kwa dhamana ziko mbele, mishahara ya wafanyakazi na kodi kwa kawaida navyo viko mbele, na sisi wa kujitegemea tunasimama nyuma kabisa pamoja na muuza karatasi na msafisha ofisi. Nilijaza fomu vizuri sana, nikaambatanisha kila ankara. Sikuambulia kitu.

Pesa ilishanitoka moyoni. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba wiki ileile walipoomba ufilisi, meneja mradi alinitumia faili la haraka, la kufanya wikendi, na kunishukuru kwa "ushirikiano wetu wa muda mrefu". Labda hakujua. Mimi naamini alijua.

Tangu hapo nina utaratibu mmoja na siuvunji hata kwa mteja ninayempenda. Kila mteja ana kiwango cha juu cha deni. Kwenye jedwali langu naandika kila kazi niliyoikabidhi na haijalipwa, hata ambayo sijaitolea ankara bado, kwa sababu hiyo nayo ni pesa yangu iliyo mikononi mwa mtu. Jumla ikigusa kiwango, sipokei faili jipya mpaka la zamani lilipwe. Mfasiri akikabidhi kazi leo na kulipwa baada ya siku 60 amemkopesha mteja bila riba, na hakuna benki inayokopesha bila kujua imeshakopesha kiasi gani. Andika jedwali hilo leo. Usiseme unayakumbuka kichwani.

Kama wakala wako yuko katika nchi ya Umoja wa Ulaya, isome pia Direktivu 2011/7/EU, agizo la kisheria la Umoja huo linalohusu ucheleweshaji wa malipo. Kati ya kampuni na kampuni, muda wa malipo usizidi siku 60 isipokuwa pande mbili zimekubaliana waziwazi na bila uonevu mkubwa. Anayechelewesha anadaiwa riba isiyopungua asilimia 8 juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya, pamoja na fidia isiyopungua euro 40. Sijawahi kufika mahakamani kwa ajili yake. Nimewahi kuiandika tu chini ya barua ya kukumbushia deni, kwa upole, na pesa ikaingia kabla wiki haijaisha.

Kuhusu hiyo bei mpya uliyoletewa, mimi ya kwangu niliipata 2009. Barua ya wakala mwingine ilitumwa kwa wafasiri wote, "Ndugu mshirika wetu wa lugha", ikituomba tupunguze asilimia 10 "katika kipindi hiki kigumu". Nikajibu kwa swali moja: kipindi hiki kinaisha tarehe ngapi, na bei inarudi lini? Hawakujibu. Nikakataa, wakaninyamazia miezi mingi. Wenzangu waliokubali waliendelea kupata kazi, na wapo walioniambia kwamba ninajidai. Uchumi ulipoinuka wao walibaki na bei ileile ya kipindi kigumu. Wakala alinirudia alipopata mkataba wa vifaa vya hospitali na hakumpata wa kumwamini, nami nikarudi kwa bei yangu. Ninajivuna, ndiyo. Niliilipia kwa miezi ya kukaza mkanda ambayo sitaki hata kuisimulia.

Barua hiyo bado inakuja, sababu ndiyo hubadilika. Ilikuwa mdororo, ikawa kumbukumbu ya tafsiri, yaani hifadhi ya sentensi zilizokwisha kutafsiriwa: sentensi inayofanana na ya zamani kwa asilimia 75 na kuendelea ilipwe nusu, iliyojirudia ilipwe senti au isilipwe kabisa. Mwaka 2016 Google ilipohamishia Google Translate kwenye mitandao ya neva, mfumo wa kompyuta unaojifunza kutokana na mifano mingi, ikaja tena, na baada ya ChatGPT kutoka Novemba 2022 imekuja kwa kishindo: faili linafika likiwa limeshatafsiriwa na mashine, wewe "unapitisha jicho tu" kwa sehemu ndogo ya bei. Sikatai kazi za kuhariri mashine, ninazifanya. Ila sikubali bei kabla ya kupima kwa saa. Naomba kurasa chache za sampuli, nahariri, natazama saa, nagawanya malipo kwa saa nilizotumia. Kiswahili cha mashine siku hizi kinateleza vizuri mdomoni, na hapo ndipo penye mtego. Sentensi ikirefuka, upatanisho wa ngeli unapotea katikati, "ambazo" inashika nomino isiyo yake, na sharti la mkataba linageuka maana huku likisomeka kama maji. Kazi kama hiyo inaweza kuchukua muda sawa na kutafsiri upya. Ikiwa hivyo, namwandikia mteja idadi ya saa na bei yangu. Anayekataa hesabu iliyo mbele ya macho yake hakuwa na nia ya kulipa.

Korona nitaipita haraka. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza janga tarehe 11 Machi 2020, rafiki zangu wakalimani walipoteza mikutano yote kwa mkupuo mmoja, wakabaki hivyo mpaka ukalimani wa mtandaoni uliposhika. Mimi wakati huohuo sikulala kwa miongozo ya afya. Kazi ilikuwa imehama tena.

Ya 2025 ndiyo imewaumiza wengi mnaoniandikia sasa. Tarehe 20 Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai shughuli za USAID, shirika lake la misaada, zikafungwa rasmi. Wafasiri wa Kiswahili tulikuwa tumeizoea mno kazi ya miradi: hojaji za utafiti, fomu za ridhaa, miongozo ya mafunzo kwa wahudumu wa afya. Nimeongea na watu waliokuwa na mawakala watano na wote watano wakanyamaza mwezi mmoja. Hapa mnisikilize vizuri. Kuwa na mawakala watano ambao wote wanakula chungu kimoja ni sawa na kuwa na mteja mmoja. Muulize kila wakala, kwa heshima, kazi hii inatoka sekta gani. Wengi watakuambia hata kama hawataji jina la mteja. Kisha rudi kwenye jedwali lako, ongeza safu ya sekta, uone jumla. Ikiwa zaidi ya nusu inatoka mahali pamoja, mwezi huuhuu anza kubisha hodi kwingine: sheria, bima, vifaa vya tiba, usalama kazini, hati za uhamiaji.

Na ajira? Chukua ukiipata, hata ya nusu siku, wala usimwombe mtu radhi. Mfasiri mwenye mshahara mdogo wa uhakika anaweza kukataa bei mbovu, na asiye na akiba ataikubali Ijumaa jioni. Usiwape mawakala wako habari za ajira hiyo, wape tu saa zako mpya.

Ukimpata mteja mpya katikati ya hali hii, usimpe bei ya wale wa zamani. Ya zamani ni shida kuipandisha, lakini ya mteja mpya unaianza mwenyewe. Mimi kila anayekuja namtajia bei iliyo juu kidogo ya ya aliyemtangulia, nikiambatanisha masharti ya malipo ya siku 30 na malipo ya awali kwa kazi kubwa. Wengine hawajibu. Wanaojibu, wengi wanauliza tu naweza kuanza lini.